Usonji ukiimbwa na mwenyewe: Jukwaa la mtu mmoja lina mizizi Bungoma na Kitale

KATIKA matanga ya mzee mashuhuri wa Kibukusu, siku chache baada ya maziko, hufika saa ambapo waombolezaji huketi na uwanja kuachiwa mtu mmoja tu. Huyo ni omuswala, mjuzi wa mila ambaye hushika fimbo yake, akatembea kwenda na kurudi mbele ya umati huku akisimulia chimbuko la koo, akiwasuta wakorofi na kuwaliwaza wafiwa. Hairuhusiwi kumdakiza wala kumpita mbele.

Desturi hiyo huitwa kuswala kumuse. Si ya kila mtu: hufanywa na wanaume wa koo mahususi, tena kwa marehemu wa hadhi fulani pekee. Manguliechi, ambaye jina lake lilivuma kwa sanaa hii kote Bungoma na Trans Nzoia, amekuwa mada ya utafiti wa chuo kikuu. Hata hivyo, ukiyaweka kando masharti yake, kinachobaki ni jambo ambalo wakazi wa eneo hili wamelijua tangu zamani, kwamba mtu mmoja anaweza kuushika umati kwa sauti yake pekee.

Ndiyo maana aina moja ya sanaa ya jukwaani, ambayo imekuwa ikizungumziwa ng'ambo kana kwamba ni uvumbuzi wa jana, haipaswi kuwa ngeni kati ya Kitale na Bungoma. Ni tamthilia ya muziki ya mwigizaji mmoja, ambamo mtu aliyegundua, mara nyingi ukubwani, kwamba ubongo wake haufanyi kazi kama wa wengi, husimulia na kuimba safari yake ya kujitambua.

Umbo lake ni rahisi kueleza. Mwigizaji husimama peke yake, pengine na kiti na ala moja ya muziki. Yeye ndiye mtoto, yeye ndiye mama, yeye ndiye mwalimu mwenye fimbo na daktari anayetazama saa. Mazungumzo husukuma kisa mbele, na pale maneno matupu yanapokwama, wimbo hushika zamu. Nchini Kenya jukwaa la mtu mmoja limekwisha kutumiwa kuuliza swali la utambulisho. Shailja Patel alilitumia katika Migritude, akieleza historia ya Wakenya wenye asili ya Kihindi na uchungu wa kuhama kwa kutumia sari alizopewa na mama yake. Kinachobadilika hapa ni swali lenyewe. Badala ya 'Mimi ni wa nchi gani?' mtu anauliza 'Kwa nini nimekuwa mgeni katika nyumba niliyozaliwa?'

Jibu la swali hilo, kwa baadhi ya watu, ni usonji. Hii ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huathiri namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Kuna mwenye usonji asiyetamka neno maishani, na kuna aliye profesa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii. Usonji hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya, na mwenye nao hazaliwi kwa sababu ya kosa la mama yake, ijapokuwa akina mama wengi wametupiwa lawama hiyo, huku kwetu kwa jina la laana na Marekani ya miaka ya 1960 kwa jina la sayansi.

Jina lenyewe limebeba upweke. Mwaka 1911 tabibu Mswisi Eugen Bleuler aliunda istilahi ya Kizungu kutokana na neno la Kigiriki 'autos', yaani nafsi au mwenyewe. Waarabu huiita hali hii tawahhud, kuwa peke yako, na kutoka hapo Kiswahili kikapata 'tawahudi', neno ambalo baadhi ya wataalamu wangali wanalitumia sambamba na 'usonji'. Kwa hivyo anayepanda jukwaani peke yake kuimba juu ya usonji anafanya kwa hiari kile ambacho lugha tatu zimemhukumu nacho.

Mwaka 1943, tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo msingi wa utambuzi wa usonji tunaoujua leo. Mtoto wa kwanza katika orodha hiyo, Donald Triplett wa jimbo la Mississippi, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89, alikuwa akiweza kughani na kuimba nyimbo nyingi bila kukosea sauti alipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Muziki ulikuwapo tangu ukurasa wa kwanza. Lakini ulikuwapo kama dalili iliyoandikwa na daktari, kwa nafsi ya tatu.

Ilichukua miaka mingi kabla ya wenye hali hiyo kuanza kuandika kwa nafsi ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, alikuwa miongoni mwa waliotoa wazo kwamba akili za binadamu hutofautiana kiasili, kama mimea ya msitu inavyotofautiana, na kwamba tofauti si lazima iwe kasoro. Mwanaharakati wa Marekani, Kassiane Asasumasu, akatoa neno la kumtaja mtu ambaye ubongo wake umeachana na njia ya wengi. Kiswahili hakijapata neno moja lililokubalika kwa dhana hiyo. Chini ya mwavuli wake huingizwa usonji, disleksia inayomtatiza mtu katika kusoma, na ile hali ya mtoto asiyetulia wala kukaza fikira ambayo walimu wetu wameitibu kwa kiboko miaka yote.

Maadamu neno halipo, nafasi yake huchukuliwa na matusi. Mtoto huitwa zezeta, punguani, kichwa ngumu, na kwa Lubukusu omulalu, yaani mwendawazimu. Bungoma inajua vyema uzito wa neno hilo. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimtangaza Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kutoka Kimilili, kuwa mwendawazimu na kumfungia katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ambako alikaa hadi 1947. Hakuna anayedai kwamba Masinde alikuwa na usonji. Kinachokumbukwa ni kwamba aliyekataa kwenda na mkondo alipewa jina na watu wenye mamlaka ya kutaja majina, naye hakuulizwa.

Chukulia basi msichana wa kubuni, mwenye umri wa miaka 24, mzaliwa wa Kiminini. Utotoni alikuwa akiziba masikio kila mvua ilipopiga mabati. Hakuwatazama watu machoni, jambo ambalo nyanya yake alilisifu kuwa ni adabu, na kwa hivyo halikumshtua mtu. Shuleni alikuwa wa kwanza katika hisabati na wa mwisho katika kupata rafiki. Soko la Kitale lilimchosha kiasi cha kumfanya alale mchana kutwa akirudi. Lakini alikuwa na hazina moja: alikariri vituo vyote vya matatu kutoka Kitale hadi Bungoma, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu, Webuye, akivirudia kwa mahadhi yaleyale ya utingo, na kila alipozidiwa na kelele alivitamka polepole hadi moyo ukatulia.

Kliniki humwandikia msichana kama huyo kwamba hurudiarudia maneno. Katika muziki, urudiaji huo huo una jina la heshima: kiitikio. Mwigizaji akianza tamthilia yake kwa kuvitaja vituo hivyo, hadhira itacheka kwa kuwa inaijua sauti ya utingo. Akivirudia katika tukio la pili, baada ya kupigwa darasani, kicheko kitapungua. Mara ya tatu ukumbi utakuwa umeelewa, bila kusomewa hotuba, kwamba orodha ile ni kamba ya kujishikilia. Wimbo hufanya kazi ambayo makala kama hii haiwezi.

Jambo la pili ambalo umbo hili hulieleza vizuri ni kile ambacho wataalamu hukiita kuvaa barakoa. Wengi wenye usonji, hasa wanawake, hujifunza kuiga: wanacheka wengine wanapocheka, wanahesabu sekunde za kumtazama mtu machoni, wanaficha mikono inayotaka kuchezacheza. Hii ni sababu mojawapo ya wasichana kutambuliwa kwa nadra na kwa kuchelewa kuliko wavulana. Jukwaani, mwigizaji mmoja anayejigeuza kuwa watu saba hulionyesha jambo hilo waziwazi, kwani kuigiza watu wengine ndiyo kazi aliyoifanya tangu utotoni, isipokuwa safari hii analipwa kwa makofi na anaruhusiwa kuacha.

Ala zipo. Litungu la Wabukusu, lenye nyuzi 7, ni chombo cha mtu anayeimba na kujipigia mwenyewe. Siilili ina uzi mmoja tu na hulia kama mtu. Ngoma ya mabega iitwayo kamabeka hurudia mtikiso mmoja hadi mchezaji anapotokwa na jasho, na hakuna anayemwambia atulie. Aidha, msanii wa pekee wa hapa hayuko peke yake kabisa, kwa kuwa hadhira humwitikia. Hilo ni tofauti kubwa na majumba ya maonyesho ya ng'ambo ambako watu huketi gizani kimya, na linaweza kuwa faraja kwa mwigizaji au balaa, kutegemea masikio yake.

Wavulana nao wana wimbo mgumu zaidi wa kuimba. Tohara ya Wabukusu hufanywa mwezi Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili. Kijana hucheza kwa njuga ziitwazo chinyimba akiwaalika jamaa, hukemewa na wajomba, huvishwa shingoni pande la nyama bichi, hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa tope baridi mwili mzima, kisha hurudishwa nyumbani katikati ya umati unaoimba Sioyaye na kusimama wima mbele ya ngariba bila kupepesa macho. Akitikisika, aibu ni ya ukoo mzima.

Sasa mfikirie kijana ambaye mguso wa tope humuumiza kama moto na ambaye kelele za umati humfanya aanguke chini. Akikwepa, ataitwa mwoga maisha yake yote. Akilazimishwa, kinachoonekana kuwa ujasiri huenda ni mtu aliyeganda. Kuna familia ambazo humpeleka kijana hospitalini kimyakimya na kukaa na siri hiyo. Mila si adui katika kisa hiki, kwani ndiyo inayomtaja mtu, kumpa rika na kumfanya awe mmoja wa Bachuma au Bamaina au rika lolote la wakati wake. Ndiyo maana kuikosa huuma. Simulizi la kijana huyo halijapata jukwaa, na pengine ndilo ambalo Bungoma ingelisikiliza kwa makini kuliko yote.

Nani aliimbe? Hapo ndipo penye mzozo. Mwaka 2021 mwanamuziki wa Australia, Sia, alitoa filamu iitwayo Music kuhusu msichana mwenye usonji, na sehemu hiyo akampa mwigizaji asiye na hali hiyo. Wenye usonji walimshutumu vikali kwamba walikuwa wanaigizwa kama vikaragosi. Miaka miwili baadaye, Sia mwenyewe akatangaza kwamba amegunduliwa kuwa na usonji. Mwishoni mwa 2023, tamthilia ya muziki iitwayo How to Dance in Ohio ilifunguliwa Broadway, New York, ikiwa na wahusika saba wenye usonji walioigizwa na waigizaji saba wenye usonji. Ilifungwa Februari 2024, baada ya takriban miezi miwili. Haki ya kujieleza haikuhakikisha mauzo ya tikiti.

Huku kwetu tatizo lina sura nyingine. Mashindano ya muziki na ya drama ya shule yamelea vipaji vya nchi hii kwa miongo mingi, na shairi la mtu mmoja ni kipengele kinachopendwa. Lakini kila aliyewahi kukaa nyuma ya pazia anajua kwamba, mara nyingi, mtoto anayelia jukwaani analia machozi yaliyoandikwa na mwalimu au na mtunzi aliyekodiwa. Shule zikianza kuleta mashairi kuhusu usonji kwa mtindo huo, zitapata vikombe, na mwenye usonji ataendelea kuketi nyuma ya darasa.

Kikwazo kingine ni kwamba mtu hawezi kuimba asichokijua. Vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu maalum vilianzishwa nchini mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ikafuata 1986. Chama cha Usonji nchini kiliundwa 2003 kutokana na juhudi za wazazi, mwaka uleule ambao Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo mahali pake pamechukuliwa na sheria mpya ya 2025. Hata hivyo, vituo hivyo vililenga watoto wa shule. Mtu mzima wa Chwele au Kitale anayejishuku atashauriwa kwenda Nairobi, ambako wataalamu wengi wako, naye atapiga hesabu ya nauli, malazi na ada, kisha atanyamaza. Sensa ya 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka 5 na zaidi, yapata watu 900,000, waliishi na ulemavu. Iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, pamoja na ualbino. Usonji haukuwa na kisanduku chake.

Wapo pia wazazi wanaolisikia wazo zima la 'kujitambua' kwa kero, na hoja yao ni nzito. Mzazi wa mtoto wa miaka 15 asiyesema, anayejipiga kichwa ukutani na asiyeweza kwenda chooni peke yake, haoni tofauti nzuri ya kusherehekewa. Anaona usiku usio na usingizi. Kwake, mwigizaji fasaha anayejieleza kwa nyimbo si mwakilishi wa mwanawe, na makofi anayopigiwa yanaweza kuifanya serikali isahau matibabu ya usemi na shule zenye wahudumu wa kutosha. Hoja hiyo haiwezi kufutwa kwa wimbo. Tamthilia ya kweli inapaswa kukiri kwamba inasema kwa niaba ya mtu mmoja tu. Hilo ndilo faida, na ndilo mpaka, wa jukwaa la mtu mmoja.

Hata hivyo, kutosema si kutokuwa na la kusema. Wapo wasioongea ambao huandika kwa kugusa herufi kwenye kompyuta ndogo, na chombo kikawatamkia. Wapo wanaogusa uzi wa ala na kubaki hapo. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyefariki 2020, alimtoa mhusika wake Kongowea Mswahili kule Tanga hadi Kitale katika Siku Njema ili akamtafute baba na, kwa njia hiyo, ajijue. Wasomaji walimfuata safari nzima wakimsikia kwa nafsi ya kwanza. Kijana asiyesema angehitaji safari fupi zaidi, pengine kutoka kitandani hadi mlangoni, na hadhira yenye subira ya kumngoja.

Na hadhira yenyewe? Oktoba 2011, wahisani wa sanaa jijini New York waliandaa onyesho maalum la The Lion King, tamthilia ile yenye Simba, Rafiki na Pumbaa, kwa ajili ya watazamaji wenye usonji na familia zao. Sauti kali zilipunguzwa, taa za kumulika ghafla zikapunguzwa, na watu wakaruhusiwa kusimama, kutoka na kurudi bila kutazamwa vibaya. Maonyesho ya namna hiyo yamezoeleka sasa katika miji mikubwa ya Marekani na Uingereza.

Gharama yake si kubwa kama mtu anavyodhani. Ukumbi wa kanisa au wa shule mjini Kitale unaweza kupunguza vipaza sauti, ambavyo kwa kawaida hufunguliwa hadi mwisho hata pale watu 50 wanapokuwa ndani. Taa zinaweza kuachwa zikiwaka, mlango mmoja usifungwe, na viti vichache viwekwe nje chini ya mti kwa wanaotaka kupumua. Onyesho lianze asubuhi, kwa sababu alasiri mvua ya Trans Nzoia hupenda kunyesha, na hakuna mwigizaji, awe na usonji au asiwe nao, anayeweza kushindana na mvua juu ya mabati.